Uradi uuweke wapi: nyakati nne kwa mtu mwenye shughuli Tanga

Mwenye kibanda soko la Mgandini, dereva wa bodaboda stendi ya Kange, mama wa vitumbua Makorora: hakuna kati yao anayehitaji kuambiwa kwamba swala tano zilizoswaliwa mbio mbio hazitoshi. Wanajua. Wanachouliza ni wapi waiweke nusu saa ya ziada ya uradi, yaani dhikri na visomo vya kila siku, maana siku imejaa pomoni. Na jibu wanalopewa mara nyingi ni moja tu: amka usiku. Kwa fadhila ni jibu sahihi. Kwa kudumu, ndilo linalovunjika mapema kuliko yote.

Hapa tumeziweka nyakati nne ubavu kwa ubavu. Hatukuzipanga kwa fadhila, hilo masheikh wamekwisha kulimaliza. Tumezipima kwa swali jingine: nani atakuja kukunyang'anya wakati huo, na utamzuiaje? Hadithi ya Bibi Aisha iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim inasema amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ingawa ni chache. Kwa hiyo kipimo cha kudumu hatukukibuni sisi.

Saa zilizotajwa ni za Tanga mjini kwa makadirio. Kwa mwaka mzima jua huchwa kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni, na huchomoza kati ya saa 11:55 alfajiri na saa 12:35 asubuhi, basi fuata ratiba ya msikiti wako. Katika fiqhi, yaani hukumu za ibada, tumekwenda Kishafi (madhehebu ya Imam Shafi), kama ilivyo desturi ya pwani.

| Wakati | Saa, kwa kukadiria | Muda utakaobaki mkononi | Kinachofaa | Mwizi wake |
|---|---|---|---|---|
| Magharibi mpaka Isha | 12:30 jioni – 1:40 usiku | dakika 40–50 | Kurani, uradi, darasa | Baraza, mpira, sufuria jikoni |
| Thuluthi ya mwisho ya usiku | 7:35 usiku – 11:10 alfajiri | dakika 15–40 | Tahajudi (swala ya usiku baada ya kulala), witri (swala ya kufunga usiku), istighfari (kuomba msamaha), dua | Simu ya saa 5 usiku |
| Baada ya Alfajiri | 11:30 alfajiri – 12:45 asubuhi | dakika 40–60 | Kurani na nyiradi. Si sunna za hiari | Usingizi, abiria wa mapema, mnada wa samaki |
| Dhuha | 12:45 asubuhi – karibu saa 6 mchana | dakika 5–15 | Rakaa 2 mpaka 8 | Mteja, udhu uliotenguka |

Magharibi mpaka Isha

Anayeanza kabisa, na kazi yake inaisha jioni, tunamshauri aanze hapa. Sababu ni ya kijinga kidogo: wakati huu una ukuta pande zote mbili. Adhana moja inakuingiza na adhana nyingine inakutoa. Huhitaji kengele ya simu, huhitaji kukata usingizi, udhu unao, na tayari umo msikitini. Unachotakiwa kufanya ni kutotoka tu.

Kutotoka huko kuna namna yake. Ukishaswali Magharibi na sunna yake ya rakaa 2, usibaki safu ya karibu na mlango. Sogea kwenye nguzo au ukuta wa upande. Mlangoni kila anayetoka atakusalimia, na wa tatu atakuambia lile jambo la kiwanja. Nuia itikafu, yaani kukaa msikitini kwa nia ya ibada. Kwa Kishafi itikafu haina kiwango cha siku wala cha saa: kukaa kidogo tu, kupita kiasi cha utulivu wa kwenye rukuu, kunatosha. Kwa hiyo dakika 40 zako zote, hata zile ulizokaa kimya bila kutamka kitu, zimo ndani ya ibada. Simu iache nyumbani au iweke hali ya ndege. Kama unasomea Kurani kwenye simu, jua kwamba ujumbe wa kikundi cha familia utashuka juu ya aya. Msahafu wa karatasi haupigi honi.

Hesabu ya kusoma ifanye mapema, maana ndipo wengi wanapokosea. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604, na juzuu moja, fungu moja kati ya 30, ni kurasa 20 hivi. Msomaji mwepesi hutumia kama dakika 2 kwa ukurasa. Aliyeacha chuo cha Kurani miaka 20 iliyopita, ambaye bado anatafuta herufi kwa kidole, huchukua dakika 4 au 5. Dakika 25 zitampa wa kwanza kurasa 12 na wa pili kurasa 5. Kurasa 5 kwa siku ni khitima moja, yaani kuimaliza Kurani yote, kila siku 121, yaani tatu kwa mwaka, na hicho si kidogo. Tatizo huja pale huyu wa pili anapojipangia juzuu nzima kwa sababu jirani yake anaweza. Siku ya nne anadaiwa kurasa 60, siku ya saba anaona aibu kuufungua msahafu.

Dakika 10 zinazofuata ni za uradi: istighfari 100, Subhanallahi wabihamdihi 100 (hii ukiivuta kwa utulivu ni dakika 3 hivi), na kumswalia Mtume. Zilizobaki, kama msikiti wako una darasa, kaa darasani. Kama hauna, kaa kimya tu, na msikiti wenyewe utakuwa umeshatulia.

Wezi wa wakati huu wanafahamika. Wa kwanza ni baraza: "nanywa kahawa kikombe kimoja narudi." Hakuna aliyewahi kurudi kutoka kahawa ya Magharibi kabla ya Isha, na sijui kwa nini bado tunaahidi. Wa pili ni mpira wa Jumamosi. Mechi za Uingereza zinazoanza saa 9 mchana kwao huwa kwetu ni saa 11 jioni katika miezi yao ya kiangazi na saa 12 jioni katika baridi yao, na hizo za saa 12 zinaivamia Magharibi yenyewe ukiwa kibanda umiza. Kwa siku hiyo moja ni afadhali ukubali kufupisha, dakika 10 za uradi basi, kuliko kujifanya utaacha kutazama.

Wakati huu haumfai muuza mishkaki, chipsi au juisi. Saa 12:30 jioni ndipo mkaa wake umekolea na wateja wamesimama. Haumfai pia mwenye watoto wadogo nyumbani, ambao saa hiyo wanataka chakula, kuoga na msaada wa daftari la shule, na hapo mwenye mzigo mara nyingi ni mama. Mume atakayekaa msikitini kila siku mpaka Isha ilhali nyumbani kuna pacha wa miaka miwili, aangalie vizuri ni muda wa nani anaoutoa.

Thuluthi ya mwisho

Watu wengi hudhani thuluthi ya mwisho inaanza saa 10 alfajiri. Ipige hesabu mwenyewe: chukua muda kutoka Magharibi mpaka Alfajiri, gawa kwa tatu, toa fungu moja kutoka kwenye Alfajiri. Magharibi ikiwa saa 12:25 jioni na Alfajiri saa 11:10, usiku ni saa 10 na dakika 45. Fungu moja ni saa 3 na dakika 35. Kwa hiyo thuluthi ya mwisho imeingia saa 7:35 usiku. Mechi ya Ulaya inayoanza saa 5 usiku kwa saa zetu inaisha karibu saa 7, na mtazamaji anakwenda kulala nusu saa kabla mlango haujafunguliwa.

Hadithi ya wakati huu, kwamba Mola hujibu muombaji na husamehe anayetaka msamaha, imo kwa Bukhari na Muslim, na hatuna la kuongeza juu yake. La kuongeza ni kwamba vita hii haipiganwi saa 10 alfajiri. Inapiganwa saa 4 usiku. Mtume, rehema na amani zimshukie, alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na anayetaka kuamka aanzie hapo hapo: chakula kiliwe kabla ya Isha au mara tu baada yake, taa izimwe saa 4. Simu inayotumika kama kengele iwekwe dirishani, nje ya chandarua, mahali ambapo mkono haufiki bila kutoka kitandani. Ndoo ya udhu iwe imejaa na kopo liko juu yake, maana bomba la saa 10 alfajiri halina dhamana.

Usianze na saa 8 usiku. Anza na dakika 25 kabla ya adhana ya Alfajiri, usiku mbili kwa wiki, tuseme wa kuamkia Jumatatu na wa kuamkia Ijumaa. Rakaa 2 nyepesi za kuanzia, kama ilivyofundishwa. Kisha rakaa 2 nyingine, witri, istighfari mpaka adhana. Ukishalizoea hilo mwezi mzima ndipo urudi nyuma dakika 15.

Witri ndiyo inayowachanganya watu. Uchache wake ni rakaa 1, ukamilifu wa chini ni 3, na wingi wake ni 11. Ukiswali 3, bora Kishafi ni kutoa salamu baada ya 2 na kuiswali ya tatu peke yake: sura ya Sabbihisma katika ya kwanza, Kafirun katika ya pili, Ikhlasi na sura mbili za kinga (Falaq na Nas) katika ya mwisho. Kama huna uhakika wa kuamka, iswali kabla ya kulala. Ukiamka baadaye, swali mbili mbili utakavyo, lakini usirudie witri, kwa kuwa hakuna witri mbili katika usiku mmoja. Wengi huiacha kabla ya kulala wakitegemea wataamka, na wakipitiwa na usingizi wanakosa vyote viwili.

Usingizi ukikushika katikati ya swala, lala. Hili limo kwa Bukhari na Muslim pamoja na sababu yake: huenda mtu akataka kuomba msamaha akajikuta anajitukana. Na ukipitiwa kabisa na kipande chako cha usiku, kisome kati ya Alfajiri na Adhuhuri. Hadithi ya Umar iliyomo kwa Muslim inasema utaandikiwa kama uliyekisoma usiku. Mtume mwenyewe alipokosa swala ya usiku kwa usingizi au maradhi aliswali rakaa 12 mchana. Kulipa kunaruhusiwa, kwa hiyo kukosa siku moja si sababu ya kuacha wiki nzima.

Kosa baya la wakati huu ni kuswali usiku halafu swala ya jamaa ya Alfajiri ikapita umelala. Imam Malik amepokea kwamba Umar alimkosa mtu mmoja katika Subhi, yaani swala ya Alfajiri, akaambiwa alikesha akiswali, naye akasema kuhudhuria Subhi katika jamaa kunapendeza zaidi kwake kuliko kusimama usiku kucha. Ukiona tahajudi inakula fardhi, punguza tahajudi. Kingine cha kusaidia ni kailula, usingizi wa mchana wa dakika 20 au 30. Mwenye duka Ngamiani anayefunga baada ya Adhuhuri anaweza. Karani wa ofisini hawezi, na huyo asijidanganye: akiamka saa 9 usiku kila siku bila kulala mapema, atasinzia mezani, na kazi ya watu nayo ni amana.

Surat Muzzammil, iliyoamrisha kisimamo cha usiku, ndani yake inakiri kwamba mchana mtu ana shughuli nyingi. Kisha aya yake ya mwisho, ya 20, ikawataja wagonjwa na wanaosafiri katika ardhi wakitafuta fadhila za Mwenyezi Mungu, ndio wachuuzi na wasafirishaji wetu hao, ikasema: someni kilicho chepesi.

Kuna wawili ambao usiku hauwagharimu kitu. Mlinzi wa zamu yuko macho tayari. Yake kwa Kishafi haiitwi tahajudi, kwa kuwa tahajudi ni baada ya kulala hata kidogo, lakini kisimamo cha usiku anacho. Rakaa 2 fupi, na wakati wa kuzunguka ua ulimi uendelee na istighfari, lango lisiachwe. Wa pili ni mama wa vitumbua. Mchele aliuloweka, akausaga na kuutia hamira jana, saa 9 usiku yuko uani anawasha jiko. Mkaa huchukua dakika 10 mpaka 15 kushika moto sawasawa, na kabla ya hapo kikaango hakiwezi kuwekwa. Hizo dakika ni rakaa 2 na witri, ndani kabisa ya thuluthi ya mwisho, bila kengele wala kutoka kitandani kwa ajili hiyo. Kwake tunabadilisha ushauri wote wa hapo juu: aanze na usiku, Magharibi aiache.

Baada ya Alfajiri

Kwa kusoma Kurani nyingi huu ndio wakati bora, kichwa kiko wazi na mtaa kimya. Kuanzia unapomaliza jamaa mpaka jua kuchomoza ni karibu dakika 45. Kumbuka mpaka mmoja: ukishaswali fardhi ya Alfajiri, sunna za hiari zisizo na sababu hazifai mpaka jua lipande kiasi cha mkuki, dakika 15 hadi 20 baada ya kuchomoza. Wapo wanaosimama kuswali rakaa za ziada saa 12 kamili kwa nia njema kabisa. Hapo soma, leta uradi, subiri. Jua likishapanda ndipo uswali rakaa zako 2 na kuondoka. Tirmidhi amepokea hadithi ya malipo ya hija na umra kwa anayefanya hivyo baada ya kuswali Alfajiri kwa jamaa.

Haumfai bodaboda. Mabasi ya asubuhi yanaondoka Kange na watoto wanakwenda shule, fedha ya siku inaanzia hapo. Haumfai mchuuzi wa samaki pale Deep Sea, kwa kuwa mnada haumsubiri mtu amalize ukurasa. Hawa waswali Alfajiri, walete nyiradi fupi za baada ya swala, 33 mara tatu (Subhanallahi, Alhamdulillahi, Allahu Akbar) na ya kukamilisha 100, waende zao. Anayefaa ni mfanyakazi wa ofisini, mwalimu, mstaafu, na mama ambaye watoto wake hawajaamka. Ataharibikiwa akirudi nyumbani "kusomea kitandani". Asome amekaa, mgongo wima, mbali na mto.

Dhuha

Swala hii ya hiari ya asubuhi ni fupi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi, labda kwa sababu haina kukesha wala machozi. Rakaa 2 ni dakika 4 au 5. Bora yake ni robo ya mchana ikishapita. Hadithi iliyomo kwa Muslim inasema ni pale watoto wa ngamia wanapohisi joto la ardhi kwatoni. Ngamiani siku hizi ngamia huoni, ila kanyaga lami peku na utaelewa. Kwa saa zetu ni kuanzia saa 3 na robo asubuhi hivi, ukome dakika 10 kabla ya jua kufika kati, ambako Tanga ni saa 6 na dakika 10 mpaka 40 kutegemea mwezi.

Sasa angalia saa hiyo. Saa 3 na nusu bodaboda wamelala juu ya pikipiki zao wakisubiri, abiria wa asubuhi wamekwisha. Sokoni wanunuzi wa mapema wameondoka na wa mchana hawajafika. Samaki wameshauzwa. Yaani wakati bora wa dhuha unaangukia pale kazi nyingi za mjini zinapopumua. Maandalizi ni madogo: chupa ya maji ya udhu ya lita moja na nusu inatosha ukimimina kidogo kidogo, na msuli safi ndani ya mfuko kwa mwenye kazi ya samaki au ya gereji. Mwenzako wa kijiweni ajue foleni yako ishikwe dakika 10. Asiyetaka kugombana na wenzake aseme mapema, siku ya kwanza.

Siku ambazo haziswaliwi

Mwanamke anayeweka wakati wake vizuri wiki tatu, kisha hedhi ikaja, mara nyingi harudi tena. Swala hakuna na kwa Kishafi Kurani haisomwi wala msahafu haushikwi, lakini dhikri, istighfari, kumswalia Mtume na dua zote zipo. Akae mahali pale pale, saa ile ile, tasbihi mkononi, dakika zile zile. Ukiulinda wakati, rakaa zitarudi zenyewe. Ukiuachia, kitu kingine kitaingia humo, kwa kawaida ni kufua.

Wavuvi

Kwa hawa hakuna wakati hata mmoja kati ya minne unaosimama. Saa za maji kujaa na kupwa husogea karibu dakika 50 kila siku, leo wanatoka Alfajiri, wiki ijayo Adhuhuri. Kuwaambia "saa 11:30 kila siku" ni kuwachosha. Wafunge uradi kwenye kitendo, si kwenye saa: baada ya swala yoyote ya kwanza wakiwa nchi kavu. Baharini sunna inaswalika kwa kukaa, na mwenye kukaa akiweza kusimama ana nusu ya malipo.

Wa dagaa wana lao. Hao hutoka usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa taa haivuti samaki, basi hukaa nyumbani siku kadhaa. Abu Huraira amesema aliusiwa mambo matatu: kufunga siku 3 kila mwezi, rakaa 2 za dhuha, na witri kabla ya kulala. Siku 3 zinazopendekezwa ni tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, nazo ndizo zile zile ambazo mwezi umejaa, boti zimevutwa pwani na nyavu ziko juani zikisubiri kushonwa.